Maneno Niliyoyatia Kwenye Tarumbeta

Ninyi wajukuu mnaojifunza kinanda na kunung'unika kwamba nota ni ngumu, kaeni chini msome hapa, maana mimi sikujifunza nota, nikajiaibisha mbele ya wakwe, na hadi leo nikipita sokoni Kiboriloni kuna mama akiniona anajifanya kukohoa.

Ilikuwa miaka ya tisini, nami nilikuwa napiga tarumbeta ya marehemu babu yenu kwenye bendi ya usharika (mwanamke peke yangu, waliosema walisema wakachoka). Wenzangu kadhaa walisoma nota kama gazeti. Mimi nilitolewa darasa la pili nikakate majani ya ng'ombe, kwa hiyo nilipiga kwa sikio. Mwalimu Ndekirwa akinipigia kipande changu, nakitia maneno kichwani, ya mambo yaliyopo, ili kisinitoroke. Kimoja kilikuwa "Aikande anua kahawa, mvua yaja", na kilikaa vizuri tu.

Sasa ikakaribia siku ya kumuaga Aikande, mama yenu, aende kuolewa Mwika. Wakwe walikuwa wameshaleta mbege ya posa, ile pombe yetu ya ndizi, nikaionja, nikajua imeongezwa maji. Nikanyamaza kwa heshima, ila moyo haukunyamaza. Mwalimu aliponipa kipande cha wimbo wa kumtoa bibi harusi, maneno yakaja yenyewe: "Mbege ya Mama Elinami, maji, maji matupu." Mama Elinami ndiye mama wa bwana harusi. Nikasema, nani ataingia kichwani mwangu kusikiliza? Nikayaacha.

Siku ya sherehe bendi ya Mwika nayo ikaja, watu wa nota watupu, ikaamuliwa tupige pamoja. Wakaanza mbio kuliko tulivyozoea, mimi natafuta pa kuingilia, naangalia mashavu ya jirani, naangalia mguu wa mwalimu, jasho linanitoka, vidole vinakimbilia pasipo pao, mara kidude cha kubonyeza cha katikati kikaganda chini. Nikapuliza, ukatoka mlio wa ndama. Mwika wakacheka.

"Mama Aikande, iache hiyo!" Mwalimu akanisogezea kipaza sauti, maana wimbo ulikuwa unapwaya bila sauti ya pili. "Imba kipande chako!"

"Niimbe nini?"

"Hicho hicho unachokijua!"

Nikaimba ninachokijua. Kwa sauti yangu yote, tena mara mbili, kwa sababu kipande kilikuwa cha kurudia (na kwa uoga ulimi haukunisikiliza). Tarumbeta zikanyamaza moja moja, kwanza zetu, kisha zao, nikabaki mimi peke yangu na "maji matupu".

Mama Elinami akasimama. "Kumbe mkwe siku ile ulikuwa unameza tu?"

"Mkwe wangu, ni nota zile..."

"Nota gani zinajua jina langu? Elinami, inuka. Twende tukachote maji mengine."

Elinami akamwangalia Aikande, akaniangalia mimi, akainuka. Wakaondoka wote na bendi yao, ndafu, yule mbuzi wa sherehe aliyechomwa mzima, hajakatwa hata sikio, na harusi ilikuwa Jumamosi inayofuata. Mama yenu hakulia. Alisema, "Mama, hata ndani ya tarumbeta hukuweza kunyamaza?" Afadhali angelia.

Sikio langu lilikuwa zima na mpaka leo ni zima. Kosa ni kwamba niliona aibu kuomba nifundishwe nota pamoja na watoto wa kipaimara, nikaona heri nihifadhi wimbo kwa chuki, na chuki kweli haisahauliki, ilitoka neno kwa neno.

Nikaiweka tarumbeta chini, nikawaambia watu wa nyumba yangu: "Nendeni mpakani mwa shamba mkate sale, lile jani letu la kuombea msamaha, bichi lisilo na doa. Tunakwenda Mwika kuomba radhi sasa hivi, na huyu ndafu abebwe mzima mzima. Njiani asiimbe mtu."