Kusimama Wima Subukia

Judo nilifundishwa Nakuru katikati ya miaka ya hamsini, nikiwa konstebo mdogo, na mpaka leo sijui kama nimshukuru aliyenifundisha au nimlaani. Alikuwa inspekta Mzungu, mfupi, mwenye shingo nene, aliyejifunza mchezo huo jeshini. Alitaka askari wake wajue kumkamata mtu bila rungu wala bunduki. Tulishonewa makoti ya kitambaa kigumu cha amerikani na fundi Mhindi, tukatandika turubai juu ya magunia ya maranda ya mbao katika bohari moja kambini, tukawa tayari kuangushana.

Lakini kabla ya kuangushana tulifundishwa kusimama. Nilicheka kimoyomoyo. Mtu mzima na ndevu zake afundishwe kusimama? Kumbe sikujua lolote. Miguu iachane kadiri ya mabega, magoti yalegee kidogo, uzito usielemee visigino wala vidole. Mgongo wima, mikono ining'inie tu. Ukitembea, buruza nyayo, wala usikutanishe miguu. Kosa kubwa kuliko yote lilikuwa kuinama. Mtu akiinama kichwa kinatangulia, na kichwa ni kizito. Mwenzake akimvuta ukosi kidogo tu, mwili wote unafuata. Inspekta alituvuta hivyo mmoja mmoja, tukaanguka kifudifudi, naye akawa anasema kwa Kiswahili chake cha shambani, "Hapana angalia chini. Angalia mimi, hapa usoni."

Hilo la usoni lilitutaabisha. Wengi wetu tulikuwa watoto wa mashamba ya Wazungu, na huko mtu hujifunza kuinama kabla ya kujifunza kusema. Ilinichukua miezi. Lakini mwili ukishazoea jambo haukuulizi tena ruhusa. Nikawa nasimama vile hata kwenye foleni ya chakula. Nilijipenda, sifichi.

Baba yangu alikuwa skwota Subukia. Alikuja kutoka magharibi akiwa kijana, akaendesha maksai wa bwana mmoja, na kwa kazi hiyo aliruhusiwa kulima kipande cha mahindi na kuchunga ng'ombe wake wachache. Ruhusa haikuwa mali yake. Bwana angeamka vibaya siku moja tu, baba angekosa malisho na pa kulala, na huko kwao ndugu zake walikwisha kugawana ardhi yote. Kwa hiyo aliinama. Kila Jumamosi, posho ya unga ilipogawiwa, watu walisimama chini ya ngazi za veranda, kofia zimevuliwa na kukunjwa mikononi, miguu pamoja, shingo mbele. Hakuna aliyewahi kuwaamuru wasimame hivyo, na hakuna aliyesahau.

Nilipopata likizo nilimsindikiza kuchukua unga huo. Zamu yake ilipofika, bwana aliniona nyuma yake, akauliza mimi ni nani. Nikajibu vizuri, bila kuinua sauti. Hata kofia nilikuwa nimeivua. Lakini nilikuwa nimesimama kama nilivyozoea, miguu imeachana, mikono inaning'inia, macho usoni pake. Alianza kunitazama miguuni, akapanda polepole mpaka kichwani, kisha akamgeukia baba.

"Nani nafundisha huyu kusimama mbele yangu namna hii?"

Ilikuwa miaka ya emajensi, ile hali ya hatari iliyotangazwa na serikali, na Wazungu wa mashambani walikuwa wakilala na bastola chini ya mto.  Baba alinishika ukosi wa shati akanivuta chini. Mkono wenyewe ulikuwa mwepesi, wa mzee, na mimi nilijua vizuri jinsi ya kuukataa. Sikuukataa. Niliinama mpaka nikaona buti za bwana, nikaomba radhi, naye akaingia ndani. Njiani baba alisema mwenye nguvu mpishe, basi. Nilikuwa na hasira, na sehemu ya hasira hiyo ilikuwa juu yake yeye.

Mavuno yalipokwisha, bwana aliwafukuza maskwota wote. Alitaka malisho kwa ng'ombe wake wa maziwa, na majirani zake nao walikuwa wakifanya vivyo hivyo. Alimfukuza hata mnyapara, mtu aliyeinama kiasi kwamba sikumbuki uso wake, nakumbuka upara. Ng'ombe wa baba waliuzwa kwa bei ya kutupa, naye akaja mjini kukaa nami, mtu wa maksai katika chumba cha mabati.

Alisema ni mimi. Alimwambia mke wangu, aliwaambia wageni, na wajukuu walipopata akili aliwaambia na wao: shamba letu lilikwenda siku huyu aliposimama vile mbele ya bwana. Kila mara nilimjibu kwa ukali. Na mnyapara je? Yeye alikosa nini? Kesho yake baba akaanza upya. Nilimhesabu mkaidi, tukaishi hivyo miaka mingi, tukilishana uchungu kwenye sahani moja.

Alipougua ugonjwa wake wa mwisho aliyasema tena, mchana, nikiwa nimeketi kando ya kitanda. Nilifungua mdomo kumtajia mnyapara. Ndipo nikaona anavyonikodolea macho, ameshika blanketi kwa mikono miwili, anaogopa nitakachosema. Nilikuwa nimechelewa sana kumwelewa. Kama kosa halikuwa langu, basi yeye aliinama maisha yake yote bure.

"Ndiyo, baba," nikamwambia. "Ni mimi niliyetupotezea."

Akashusha pumzi, akaomba uji.