Jino Juu ya Tembe

Mwanangu alikuwa hajafikisha miaka mitatu alipotema jino la mbele la chini. Alikuwa anakula ugali. Ugali jamani, wala si muwa! Tulikuwa Mvumi, kwa mama yangu, na mama alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mume wangu naye kibogoyo! Sasa nyama atanitafunia nani?"

Kwetu bibi na mjukuu wa kiume ni mke na mume, kwa hiyo ndoa yao sikuiingilia. Mama akambeba hadi nje, akamshika mkono, wakalirusha jino juu ya paa la jiko ili apate jipya. Jiko la mama ni tembe, paa lake bapa la udongo, na siku hiyo lilikuwa limejaa mlenda ulioanikwa.

Tuliporudi mjini nikampeleka kwa daktari wa meno. Akagusa jino la jirani na pengo, likacheza.

"Lililotoka lilikuwa na mzizi?"

"Sikuangalia."

"Basi niletee nilione."

"Liko juu ya paa."

Nilitegemea anicheke. Akasema, "Hata yangu yako huko, dada. Ila la huyu nalihitaji."

Akanieleza kwamba jino la utoto likitoka kwa wakati wake, mzizi huwa umeshayeyuka. Likitoka mapema na mzizi wake mzima, huenda halikuwahi kushikwa vizuri. Mwilini kuna kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuondoa kitu kinachozuia madini yasigande, kwenye mifupa na kwenye ile saruji nyembamba inayoushikiza mzizi. Kimeng'enya kikiwa kidogo, madini yanakuwepo lakini hayagandi. Akaagiza mtoto atolewe damu ipimwe.

Niliogopa, sifichi. Nilikuwa nawaza meno yote yakidondoka, kisha nawaza mifupa, na hapo nakataa kuwaza zaidi.

Jumamosi nikapanda ngazi ya mama na viatu vyangu vya ofisini, nikaanza kupepeta mlenda kwenye ungo. Mama alikuwa chini, anafurahia.

"Angalia vizuri! Usije ukampelekea daktari jino la mbuzi. Na yako yamo humo humo, uyasalimie!"

"Mama, nyamaza kidogo!"

Nikaliona. Nikashuka nalo kiganjani, likiwa na mzizi mrefu, mweupe, mzima. Mama aliutazama akaacha kucheka.

Majibu yalipotoka, alikuja nami. Kimeng'enya kilikuwa kidogo kweli. Mama akalalamika kwamba amemnywesha mtoto supu ya mifupa na maziwa wiki nzima.

"Madini anayo, mama," daktari akasema. "Anayeyafungulia njia ndiye haba."

"Yaani mchanga upo, saruji ipo, fundi hayupo?"

"Yupo, mama. Ila ni mmoja, na nyumba ni kubwa."

"Si mwajiri mwingine! Dodoma hii mnakosa fundi?"

Daktari akacheka kwanza, kisha akasema ukweli wake: picha za mifupa ni nzuri, atamfuatilia, na meno ya ukubwani mara nyingi hushika vizuri kuliko haya. Ila kuahidi, hawezi.

Mama akanyoosha mkono. "Jino mmemaliza nalo? Nipe."

"La nini, mama?"

"Damu mmechukua ninyi. Paa ni langu."

Akalifunga kwenye pindo la khanga, na jioni hiyo likarudi kwenye mlenda. Jino la jirani lilipotoka nalo, daktari aliliangalia, kisha nalo likapelekwa huko huko. Nimesoma mimi, lakini sikuthubutu kupinga.

Tumesubiri miaka. Mwaka huu jino la ukubwani limeota, na likizo hii mama alimwita mumewe mlangoni, akamwambia apanue kinywa. Akalisukuma kwa kidole gumba mbele, akalisukuma nyuma, akarudia tena. Mimi nilikuwa nimesimama na sufuria mkononi.

"Limeshika," akasema, na machozi yakamtoka.

Mwanangu akamtazama kwa mshangao. "Bibi, unalia nini? Lete nyama nikutafunie."