Irimu Asiye na Kidole

Nilipokuwa mtoto kule Ruiru, hadithi zilikuwa na saa zake, na saa hizo zilianza jua likishatua. Cucu, mama yake baba yangu, hakutaka mchezo katika jambo hilo. Alisema anayesimulia hadithi mchana huwapoteza mbuzi wa nyumbani. Sisi tulikuwa na mbuzi mmoja tu, mweupe mwenye sikio jeusi, na maziwa yake ndiyo yaliyoingia kwenye chai ya Cucu. Basi mchana nilinyamaza, mimi niliyezaliwa na mdomo usiofungika.

Ilikuwa miaka ya hamsini, nasi tukiishi katika kambi ya wafanyakazi wa shamba la kahawa. Baba alikuwa amekamatwa na serikali ya wakoloni kama wanaume wengi wa wakati ule, na mama na Cucu walishinda wakichuma kahawa. Mimi, wa miaka tisa, nilichunga watoto wa wachumaji, sita wa kutembea na mmoja mgongoni. Mbuzi pia alikuwa wangu. Nilimfunga kwenye kigingi, na majani yakiisha nilimhamisha. Ilikuwa kazi ya mtu mzima na nilijiona mtu mzima kweli.

Karibu nasi palikuwa na shimo la maganda ya kahawa yaliyomenywa kiwandani. Maganda yakikauka juu hufanya gamba, ukadhani ni ardhi, kumbe chini ni uji mzito usiojulikana kina chake. Mama zetu walituambia kwamba humo anaishi irimu, yule zimwi wa hadithi anayemeza watu. Walidhani wametutisha. Walisahau kwamba kila mtoto wa kwetu alijua hadithi ya irimu inavyoisha: kaka wa msichana aliyemezwa hukikata kidole cha mwisho cha irimu, na wote waliomezwa hutoka wazima, watu na ng'ombe na mbuzi. Nani angemwogopa irimu wa namna hiyo?

Njoroge hakumwogopa hata kidogo. Alikuwa na miaka minne, mtoto wa pekee wa jirani yetu Wangari, na mkaidi ajabu. Siku moja tulikuta ua uliozunguka shimo umeanguka, naye akaniaga kwa adabu kabisa. Alisema anaenda kuwaona watu walio tumboni mwa irimu. Nikamkataza, akaenda. Nikamkimbilia na mtoto mgongoni, nikamshika shati, lakini shati lilikuwa bovu, likabaki mkononi mwangu. Akasimama hatua mbili kutoka ukingoni, tumbo wazi, akinicheka.

"Akinimeza, wewe utakata kidole," akaniambia.

Nilijua nikimsogelea tena ataruka. Jua lilikuwa utosini. Nilimkumbuka mbuzi wa Cucu, nikaogopa, halafu nikasema liwalo na liwe.

"Njoroge, kile kidole hakipo. Kwani hukuambiwa?"

Akageuka. Nikakaa chini palepale kama mtu asiye na haraka. Nikamwambia irimu wa shimo hili si mjinga kama wale wa usiku. Huyu alikikata kidole chake mwenyewe zamani, akakitafuna. Kaka wa msichana alipofika na panga, alitafuta kidole mkono huu na ule, asikione. Msichana aliita kutoka tumboni, kaka, kata, na kaka hakuwa na cha kukata. Kila siku sauti ilipungua. Siku moja kaka aliita, na hakuna aliyeitika.

Njoroge alikuja kidogo kidogo, akakaa mapajani mwangu. Wengine nao wakasogea. Nikaongeza mama wa msichana, anayepika kila jioni chakula cha mtu asiyerudi. Walilia, nami nikalia nao, na niseme ukweli, sikuwahi kujisikia mkubwa kama saa ile.

Mbuzi nilimsahau. Majani yalikuwa yamemwishia, akang'oa kigingi na kufuata harufu tamu ya maganda. Tulipomwona alikuwa tayari juu ya gamba, na likapasuka. Alilia mara moja tu. Lile sikio jeusi ndilo lililozama mwisho, na kamba ikafuata.

Jioni Cucu aliniuliza kama nilikuwa nimesimulia hadithi mchana. Nikakiri, nikangoja fimbo. Wangari alikuwepo, amemkumbatia Njoroge, hataki kumwachia hata ale. Cucu akaniamuru niisimulie tena, yote. Nilipofika mwisho Wangari alikuwa akilia, nikamhurumia, nikaanza kusema kwamba kumbe kidole kilikuwepo. Cucu akanishika mkono.

"Usikirudishe," alisema.

Chai isiyo na maziwa aliinywa miaka mingi, na hakunisimanga hata siku moja.

Leo mke wa mwanangu, kule Ngoingwa, ananiomba nikirudishe kidole. Anasema wajukuu wangu wanaota ndoto mbaya. Namwelewa, lakini sikirudishi. Nawafunika blanketi, nakaa nao mpaka walale.

Kwa maana nakumbuka Jumapili moja, Njoroge akiwa kijana wa kazi huko Thika, alipomletea Cucu mbuzi. Alikuwa amezunguka masoko mpaka akampata mwenye sikio jeusi. Cucu alikuwa haoni tena. Alimpapasa mbuzi sikio kwa sikio, akamfunga mwenyewe, akalivuta fundo mara mbili. Kisha akaagiza watoto wote wa jirani waitwe, akaniambia nisimulie.

"Cucu, ni mchana," nikamwambia.

"Najua. Mbuzi nimemfunga."

Nikasimulia juani, na Njoroge, mwanamume mzima mwenye ndevu, akakaa mbele kabisa pamoja na watoto. Nilipofika kwenye kidole alishika upindo wa nguo yangu. Sijawahi kupewa cheti cha kazi hii ya kusimulia, wala sijakihitaji.