Marehemu Anakuna Nazi

Mafuta ya karai yaliponimwagikia mguuni, pale kibandani kwangu Ukunda ninapouza viazi, kitu cha kwanza nilichokisikitikia ni viazi. Maumivu yalikuja baadaye, na yalikuja na jamaa zake wote.

Nililazwa hospitali ya Msambweni. Kila baada ya siku chache kidonda kilifunguliwa na kuoshwa, na kwa kuwa hakuna binadamu wa kustahimili hilo akiwa macho, nilidungwa kwanza ketamini, dawa ya usingizi inayosifika kwa kuleta ndoto za ajabu. Wakati huo palikuwa na utafiti. Binti mmoja kutoka bara, mpole, alinieleza: safari nyingine ningepewa ketamini peke yake, safari nyingine ingechanganywa na dawa ya kuzuia ndoto mbaya, na si mimi wala yeye atakayejua ipi ni ipi. Nilikubali. Kazi yake ilikuwa kusubiri nizinduke, aniulize niliona nini. Mgonjwa haulizwi uji, lakini mimi niliulizwa ndoto.

Mara ya kwanza nilimwona mume wangu, aliyefariki mwaka uliotangulia. Alikuwa uani kwetu, ameketi juu ya mbuzi ya kukunia, amenipa mgongo, anakuna nazi. Maishani mwake mwanamume yule hakukuna nazi hata siku moja; alichojua ni kulalamika kwamba tui ni jepesi. Ila shingo ilikuwa yake, na kofia, na kule kuguna kwake.

"Mama, kuna kitu uliona? Kilikuogopesha?" binti aliniuliza.

"Marehemu mume wangu alikuwa akikuna nazi."

"Na hiyo ilikuogopesha?"

"Mwanangu, lau ungelimjua, nawe ungeliogopa."

Alicheka, kisha akaniuliza tena, kwa kuwa ilimbidi apate jibu. Nikamwambia hapana. Nilitaka tu ageuke nimwone uso.

Tangu hapo nikawa mgonjwa wa ajabu. Wenzangu wodini waliingojea siku ya kuoshwa kwa machozi. Mimi nilijipaka wanja na kujifunga leso aliyoipenda marehemu. Safari iliyofuata nililala usingizi mweusi, mtupu, nikazinduka nimenuna. Nilijua nimechanganyiwa.

"Msinipe tena hiyo," nilimwambia binti. Akasema hilo halikuwa mikononi mwake.

Safari ya baada ya hapo marehemu alikuwepo. Sinia lilikuwa limejaa nazi. Nilimwita kwa jina lake, akaacha kukuna, akaanza kugeuka, na papo hapo mtu akanipigapiga shavuni: "Mama, amka, tumemaliza." Sijapata kumchukia mtu kama nilivyomchukia muuguzi yule, na alikuwa mtu mwema kabisa.

Siku ya kuoshwa ilipofika tena, sikutia kitu kinywani tangu usiku, kama ilivyo desturi ya kulazwa usingizi. Nilipaka wanja vizuri zaidi. Nilikuwa na hamu mno na mume wangu, hata manung'uniko yake niliyatamani. Daktari alifunua bandeji, akabonyeza pembeni, akatabasamu.

"Hongera, mama. Ngozi imeshika. Leo tutapaka dawa tu, hakuna haja ya usingizi."

Nililia mpaka wanja ukanichuruzika mashavuni. Muuguzi aliniinamia, akanishika mkono.

"Pole, mama. Panauma wapi?"

Nikamwonyesha mguu.