Hoteli Imebomolewa, Mpishi Hakuondoka

MBARARA. Kumeanza kupambazuka, na mashine ya kuchanganya zege bado haijaanza kunguruma. Ng'ambo ya barabara, mkabala na uzio wa mabati, Viviane anapuliza makaa chini ya sufuria la katogo, ndizi zilizopikwa pamoja na maharagwe. Vibarua wanafika mmoja mmoja, wanaketi kwenye mabenchi na kunyoosha mikono kupokea chai.

Nyuma ya uzio linamaliziwa jengo la ghorofa saba, maduka chini na ofisi juu. Hapo ndipo ilipokuwa Hoteli Nyota Tatu, ambayo kwa miaka mingi wakazi wa mji huu waliitumia kuelekezana njia. Ndimo Viviane, mkimbizi kutoka Kalehe, Kivu Kusini, alimofanya kazi tangu mwaka 2000 hadi ilipofungwa.

Wenzake wote walichukua malipo yao ya mwisho wakaenda kutafuta kazi kwingine. Yeye alivuka barabara tu, akasimamisha nguzo nne na turubai.

"Batu walifikiri niko nalilia kazi," anasema, akipangusa mikono kwenye kitenge. "Mimi nilikuwa na mutu namungojea."

Mtu huyo ni Orpa, mdogo wake. Mama yao alipofariki, Viviane ndiye aliyemlea. Mwaka 1998 walikuwa sokoni Minova, wakikimbia vita kuelekea Goma, milio ya risasi ilipoanza. Viviane alikuwa na mtoto mchanga, Gradi, mgongoni. Orpa, msichana wa miaka kumi na sita, alibeba nguo zao.

"Nilimushika mukono. Batu wakatusukuma, mukono ukatoka. Niliita mupaka sauti ikapotea."

Yeye na mumewe, Laurent, walivuka mpaka wa Bunagana na hatimaye wakapewa kiwanja Juru, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Laurent akaanza kulima mahindi na maharagwe. Viviane akaja Mbarara kuosha vyombo Nyota Tatu, na baada ya muda akakabidhiwa jiko. Alipanga chumba Kakiika, na nyumbani alikwenda kila mwisho wa mwezi.

Tangu mwanzo alianza kutuma maneno. Kila aliyekuwa akirudi Kongo, kila dereva wa lori aliyekula pale akielekea mpakani, alimpa ujumbe uleule: ukifika Kalehe au Minova, uulize Orpa, umwambie dada yake yuko Mbarara, Hoteli Nyota Tatu.

"Sikuwa na simu. Na mu Nakivale manyumba yote yanafanana, ungemuelekeza mutu fasi gani? Lakini Nyota Tatu, ukishuka tu mu basi, hata mutoto anakuonyesha."

Miaka ikapita bila jibu. Mchungaji wao huko Juru akashauri ifanyike ibada ya kumwombea Orpa kama marehemu. Viviane alikataa.

Hamdu, mfanyabiashara aliyerithi hoteli hiyo kwa baba yake, anasema hakuivunja kwa furaha. "Baba alijenga hii nyumba, mimi nilikuta iko tayari. Lakini juu inavuja, mabomba imeoza, wageni wote wanaenda hoteli mpya. Sasa wewe ungefanya nini?"

Mwaka 2013 aliwaita wafanyakazi ukumbini, akawaeleza. Viviane alimfuata hadi kwenye gari.

"Akaniuliza, Hajji, hiyo mpya itaitwa jina gani? Nikamwambia bado. Akalia. Mimi sikujua ile maneno ya mdogo wake."

Huko Juru, Laurent alitaka mkewe arudi. Anakiri waligombana.

"Nilimuambia, mama Gradi, hoteli imekufa, na Orpa naye amekufa, rudia nyumbani. Neno ile lilimuumiza sana." Siku ya tatu, Laurent alikata nguzo za mikaratusi, akazipandisha kwenye gari la mizigo na kuja naye mjini kujenga kibanda.

Waendesha boda waliozoea kuegesha pale wakampa jina: Mama Nyota Tatu. Alitazama nyumba ikibomolewa ukuta kwa ukuta. Jiko lake lilipoanguka, aligeuza uso.

Februari mwaka huu, Edirisa, msimamizi wa vibarua, alikuwa akinywa chai pale boda iliposimama na kumshusha mwanamke mwenye begi. "Huyo dereva ni kijana, hoteli yenyewe haijui," anasema Edirisa. "Aliambiwa Nyota Tatu, akamleta kwa mama."

Mgeni huyo, Miriamu, alitoka Minova, akielekea Nakivale. Aliuliza kama kuna mtu anayeitwa Viviane.

"Akaniambia, Orpa ananituma," anakumbuka Viviane. " Anauza samaki, ana batoto batatu. Alipata maneno yako kitambo, lakini hakuwa na njia. Kisha akasikia hoteli imevunjwa. Orpa akaniambia, hata kama imevunjwa, weye uulize tu."

Viviane alikaa chini, kijiko mkononi. Ni Edirisa aliyeepua sufuria motoni.

Miriamu alikuwa na namba ya jirani wa Orpa mwenye simu. Walipompata Orpa, dada hao walitaja jina la mama yao, kisha wakalia mpaka salio likaisha.

Sasa wanazungumza kila Jumapili. Orpa anapanga kuja Desemba na watoto wake, shule zikifungwa. Wasiwasi ni mmoja: wakuu wa mji wametangaza kwamba vibanda vya pembeni mwa barabara vitaondolewa jengo likifunguliwa, na hazijabaki siku nyingi lifunguliwe. Hamdu ameahidi kumpa Viviane chumba cha kupikia nyuma ya jengo, lakini hakuna kilichoandikwa.

"Wakinifukuza hapa, nitasimama kule kwa boda na termosi," anasema Viviane. "Muradi nisiende mbali."

Alitaka kwenda kumpokea mdogo wake kituo cha mabasi. Orpa amekataa.

"Ameniambia, usikuje kunipokea. Niko nataka kuuliza mimi mwenyewe njia ya Nyota Tatu."