Barua kwa Mlinzi wa Lango

Juzi, hapa Handeni, katika nyumba niliyoijenga kwa jasho langu mwenyewe, mjukuu wangu alitandaza mezani mchezo wake wa kuigiza safari. Kila mchezaji huchagua mtu wa kuwa: askari, mchawi, tabibu. Akanionyesha watu wapya walioongezwa, akaniuliza, "Babu, kwa kuwatazama tu, yupi mzuri?" Nikacheka. Swali hilo, rafiki yangu, mimi nililijibu vibaya enzi za vijiji vya ujamaa.

Mchezo wetu aliuongoza bibi. Alasiri, akimenya muhogo upenuni, alitusimulia njia: mmefika porini, simba huyu hapa, mnafanyaje? Tulikuwa watatu: mimi, binamu yangu, na binti wa jirani mfugaji. Tulirusha mbegu nne za ukwaju, zilizosuguliwa upande mmoja kwenye jiwe hadi zikawa nyeupe. Nyeupe zikizidi, umepona. Ukifa, unabeba ndoo kwenda lamboni, zamu yako na za wenzako. Na kiangazi cha Handeni unakijua. Lambo lilikuwa mbali kiasi cha kumfanya mtoto akumbuke dhambi zake.

Mwanzoni tulikuwa mwindaji, mfugaji na mganga. Tulipohamia kijiji kipya, bibi aliona watu ambao hakuwahi kuwaona, akawaingiza mchezoni. Dereva wa trekta alitutia wazimu: hupita popote, ila kila hatua sharti arushe mbegu apate dizeli. Binamu akamnyakua. Bwana shamba alijua kila mmea lakini hafanyi kitu bila barua ya wilayani. Binti wa jirani akamchukua kwa ajili ya kofia yake. Mimi nilichelewa kurudi na mbuzi, nikabakiziwa mwalimu wa kisomo cha watu wazima. Hana bunduki, hana dawa. Ana chaki.

"Huyo atawafundisha simba kusoma," binamu akasema. "Tayarisha ndoo."

Basi tukafika lango la shamba la mkonge kule Ngombezi. Dizeli imekwisha, bwana shamba bado anasubiri. Bibi akasema mlinzi hapitishi mtu bila barua. "Mwalimu, andika."

Nilikuwa darasa la pili, na neno nililoliweza bila kutazamia lilikuwa moja. Nikaliandika vumbini kwa kijiti, nikasoma kwa sauti nzito: "Ndugu mlinzi, hawa ni wanakijiji wema, waruhusu wapite." Bibi akapitisha kidole juu ya herufi, taratibu, kama anayepapasa kitenge dukani. "Maneno mazuri," akasema. Tukapita. Binamu alijua kwamba nadanganya, lakini angesema, ndoo ingekuwa yake pia.

Nilivimba kichwa. Hakuna lango lililonishinda, na sikuona sababu ya kujifunza neno la pili. Kumbe bibi naye, bila kutuambia, alikuwa akienda kisomo na bibi wenzake. Mahindi yalipokwisha kuvunwa, tukafika tena langoni. Nikaandika, nikasoma hotuba ndefu kama ya mwenyekiti. Bibi akaweka kisu chini, akainama. Midomo yake ikacheza kidogo.

"Mume wangu," akasema, maana ndivyo bibi wa kwetu huwatania wajukuu wao wa kiume, "hapa umeandika kuku."

Nikanyoosha mguu nilifute neno.

"Na mlinzi ana njaa. Atatupitisha, au atachemsha maji?"

Binamu aligaagaa kwa kicheko. Nikachukua ndoo. Bibi akachukua yake, akanifuata, wala hakuwa na zamu. Njiani akaokota kijiti, akaandika neno, akaniamuru nisome. Nikashindwa, akanifundisha. Tulikwenda hivyo msimu mzima, yeye neno, mimi neno, mpaka nikaacha kuogopa karatasi.

Nasema bila kujificha: katika ukoo wetu mimi ndiye wa kwanza kupata stashahada, na imetundikwa sebuleni ambapo mgeni hawezi kuikosa. Bibi hayupo, lambo limejaa matope, kijiji kimegeuka mji. Njia ile ya maji imetiwa lami. Bodaboda zinapita juu ya maneno yetu, na vijana wanaoziendesha wanasoma vibao vya barabarani huku wakipiga soga, bila kujua kwamba kuna wakati jambo hilo lilikuwa ajabu.