Dakika Ishirini za Halako

Akili yangu bado inagoma. Jumatatu Halako alikuwa kwenye benchi la kliniki yetu hapa Garsen akinicheka, Jumanne alasiri tukamzika. Pumu, ile ile tuliyoizoea.

Kwa wasiomjua: Halako ndiye dada aliyeshika simu ya vijana wanaojipima VVU wenyewe. Kijana anachukua kifaa, anaenda kujipima anapopataka, halafu ana-flash, anapiga na kukata kabla haijapokelewa. Halako anampigia. Simu yenyewe ni kabambe, ile ndogo ya vitufe, yenye ufa kwenye kioo, na wengi wa vijana wetu wana kabambe pia.

Mimi ni Komora, mtu wa data. Mwanzoni nilijiona mjanja, nikapanga SMS ziende kwa wote saa nne asubuhi: "Je, umeshajipima VVU?"

Saa hiyo simu nyingi za vijana wetu wa Minjila haziko na wenyewe. Ziko kwenye duka la kuchaji, zimepangwa mezani, kila moja na jina la mwenyewe kwenye plasta. Sita zililia kwa pamoja. Mwenye duka akasoma, waliokuwepo wakasikia.

Msichana mmoja alirudisha kifaa bila kukifungua. "Msinitafute tena," akaniambia. Nilichofanya ni kuandika ripoti tu. Naona aibu mpaka leo.

Halako hakunigombeza. Alifuta mpango mzima wa SMS, tukapanda boda, akanipitisha nyumba kwa nyumba niombe msamaha kwa mdomo wangu. "Kuanzia leo hatuandiki kitu," alisema. "Flash haina cha kusomwa."

Watano walirudi. Yule msichana hakurudi.

Majibu ya kile kifaa huchukua dakika ishirini, na kuyasubiri peke yako ni mateso. Halako alikuwa Muorma, akazijaza kwa salamu za kwao. Mama hajambo? Ng'ombe je? Malisho? Mvua imefika? Yule ndama mgonjwa? Akimaliza ng'ombe anaingia mbuzi.

"Haya, sasa angalia. Mistari mingapi?"

Ikiwa miwili, yaani huenda virusi vipo, sauti yake haikubadilika. "Kesho njoo tupime tena kwa damu. Nitakuwa mlangoni." Na kweli alikuwa mlangoni.

Kwenye review meeting niliuliza kwa nini call duration ni ndefu hivyo. Akanitazama. "Komora kaka yangu, nyinyi Wapokomo mnasalimia kama mtu aliyeona nyani shambani."

Watu walicheka. Mimi niliandika "to be reviewed," yaani liangaliwe upya.

Baada ya mazishi ile kabambe ikaletwa mezani kwangu. Nilikusudia kuizima hadi apatikane mtu mwingine. Jana mchana ika-flash kabla sijaizima. Namba niliitambua, ni ya yule msichana.

Nikapiga.

"Halako yuko?"

"Halako amefariki, dada. Mimi ni Komora."

"Wewe ni yule wa meseji?"

"Ndiye mimi."

Nilijua atakata. Akasema, "Alinipa kifaa kingine wiki jana. Nimeshakipitisha kwenye fizi. Nimeshakitia kwenye kichupa."

Kumbe Halako alikuwa bado anamtembelea, na hakuwahi kuniambia.

Basi nikasalimia. Mama hajambo? Baba? Ng'ombe? Malisho? Mvua? Nikamaliza, nikatazama saa. Dakika nne. Nikarudia mvua. Nikarudia malisho.

Akasema taratibu, "Hujauliza mbuzi."

Nikauliza mbuzi, mmoja baada ya mwingine, rangi zao na tabia zao. Ana kumi na moja. Tukafika dakika ishirini. Alichokiona ni chake, na haya nimeandika kwa ruhusa yake.

Halako, nimekulilia leo ofisini mbele ya watu, na sijali. Ulale bila wasiwasi, dada yangu. Simu iko na mimi, ina chaji, na najifunza kusalimia.